Fonti ya Kiafrika Ilitoka Offenbach

Simama mbele ya rafu ya vitabu vinavyouziwa watalii, duka lolote la Nairobi, na kwa dakika moja usisome maneno. Tazama umbo la herufi tu. Nene, fupi, zote kubwa, kingo zake kama zimekatwa kwa panga na mtu aliyekuwa na haraka, O yake kama jiwe la kusagia. Toka hapo upite kwenye madirisha ya kampuni za safari, kwenye menyu ya hoteli inayoahidi "usiku wa Kiafrika", kwenye pakiti ya kahawa ya kupelekea watu zawadi ng'ambo. Ni zilezile. Zikisindikizwa na mti wa mgunga na jua linalotua, kazi imekwisha: mteja ametoa doo, dizaina ameenda nyumbani.

Mimi ni dizaina. Naishi kwa kupanga herufi: kadi za harusi, mabango, majalada, nembo za vyama vya akina mama, vijitabu vya mazishi. Na sentensi ninayoisikia karibu sawa na "tutakutumia pesa Ijumaa" ni hii: "Ifanye iwe ya Kiafrika kidogo." Nimeacha kucheka. Anayesema hivyo huwa ana fonti fulani kichwani, hata kama hajui jina lake, na fonti hiyo haihusiani na Afrika kwa lolote. Ni vazi la kukodi. Na wakati sisi tunashindana nani amelivaa vizuri, majina yetu wenyewe hayaandikiki. Nitafika kwa majina. Wacha kwanza tulivue vazi.

Fonti inaitwa Neuland. Aliichonga Mjerumani, Rudolf Koch, mwaka 1923, kwa kiwanda cha herufi cha Klingspor mjini Offenbach, kando ya mto Main, karibu na Frankfurt. Enzi hizo herufi ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Fundi alichonga umbo lake kwenye ncha ya chuma kigumu, akaligongomea kwenye shaba ili apate kalibu, kisha ndani ya kalibu ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa. Kwa kawaida mtu mmoja alichora kwanza kwenye karatasi, mwingine akachonga akifuata mchoro. Koch hakuchora. Alishika kifaa akachonga moja kwa moja kwenye chuma, saizi baada ya saizi, na ndiyo maana R ya saizi ndogo na R ya saizi kubwa hazifanani kabisa. Ile "ukwaruzaji" ambayo leo inauzwa kama roho ya Afrika ni mkono wa fundi mmoja wa Ujerumani aliyekataa kutumia penseli.

Koch alikuwa Mkristo wa dhati na mpenzi wa hati za kale za Kijerumani, zile nyeusi, nzito, zenye pembe. Uzito wa Neuland unatoka huko. Afrika haimo hata kwa bahati mbaya. Jina lenyewe, Neuland, maana yake ni "ardhi mpya", na miaka minne tu kabla ya hapo Mkataba wa Versailles ulikuwa umeipokonya Ujerumani ardhi zake mpya zote, Tanganyika ikiwemo. Sidai kwamba Koch aliwaza hayo akiwa mezani pake. Nacheka tu peke yangu kila nikiona jina hilo kwenye kompyuta.

Sasa ilikuwaje ikawa yetu? Ukiniuliza mimi, ilipofika kwa wachapishaji wa Kiingereza na wa Marekani macho yao hayakuona Ujerumani wala chuma. Yaliona ubao uliochongwa, na ubao uliochongwa kwao ulikuwa kinyago. Mwaka 2004 mbunifu Mmarekani, Rob Giampietro, aliandika makala nzima akiuliza kwa nini fonti hii na nyingine moja nitakayoitaja zimekuwa sare ya kila kitu kinachohusu watu weusi. Lakini huhitaji makala. Chukua bango la Jurassic Park, filamu ya 1993. Herufi zake ni za Neuland, ile dada yake yenye mstari mweupe ndani. Sasa weka bango hilo kando ya jalada la riwaya ya mwanamke wa Lagos na kando ya tangazo la kwenda Mara, zote kwa fonti moja. Kinachounganisha dinosau, simba na mwanamke wa Lagos ni nini? Kwamba wote wako mbali, ni wa zamani, na wanaweza kukuuma.

Ile nyingine inaitwa Lithos. Ilichorwa na Carol Twombly wa kampuni ya Adobe, California, ikatoka 1989. Neno lenyewe ni la Kigiriki, jiwe, na herufi zake zimetokana na maandishi ya Wagiriki wa kale juu ya mawe. Mgiriki akachonga, Mmarekani akaweka kwenye kompyuta, sisi tukaambiwa ni Maasai.

Mwaka huohuo, 1989, kuna jambo lingine lilikuwa likiendelea, na hili ningependa lifundishwe kwenye kila darasa la dizaini nchini. Nzérékoré, Guinea, ndugu wawili, Ibrahima na Abdoulaye Barry, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa miaka 10, walijifungia chumbani wakaanza kuchora alama kwenye karatasi. Lugha yao, Kifulani, ilikuwa ikiandikwa kwa Kiarabu, na baadhi ya sauti zake hazikuwa na pa kukaa. Mtu anaandika barua, msomaji anabahatisha. Basi watoto hao wakatunga herufi. Leo zinaitwa ADLaM, zinafundishwa nchi kadhaa, na mwaka 2016 ziliingia kwenye Yunikodi, ile orodha ya kimataifa inayoiambia kila simu na kila kompyuta ni herufi zipi zipo duniani.

Mwaka mmoja, kazi mbili za herufi. Ukimwambia dizaina wa kawaida achague "ya Kiafrika" kati ya hizo mbili, atachagua Lithos, kwa sababu ADLaM haina sura ya Afrika. Haina pembe. Haina vumbi. Inafanya tu kazi ambayo herufi iliumbwa kufanya, kubeba sauti ya mtu hadi kwa mwingine bila kuimwaga njiani.

Najua majibu, nimeyasikia kwenye meza za chai na kwenye vikundi vya WhatsApp. La kwanza ni kwamba anayelipa ndiye anayeamua. Sawa, mimi pia nalipa kodi ya nyumba. Lakini mteja anasema "ya Kiafrika" kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kitu kingine, na kazi ya kumwonyesha ni yetu.

La pili: "Kwani Helvetica ni ya babu yako? Hiyo nayo ni ya Wazungu, mbona hulii?" Silii kwa sababu Helvetica haijawahi kujifanya babu yangu. Ilitoka Uswisi mwaka 1957, jina lake linasema Uswisi, inaandika vibao vya hospitali na fomu za benki bila kudai undugu na mtu. Sina ugomvi na kitu cha kigeni kinachojitambulisha kwa jina lake. Herufi hizi za Kirumi ninazoandikia sasa hivi nazo zilikuja na meli.

La tatu ni gumu, nalo linahitaji heshima. Linasema hivi: maana ya kitu hutokana na matumizi. Kanga nayo kwa miaka mingi ilichapwa Uingereza, Uholanzi, India, Japani, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kanga si yetu. Kwa nini Neuland, baada ya miaka mia moja, isiwe yetu vilevile?

Kwa sababu kanga iliamuliwa na waliokuwa wakiivaa. Kiwanda kilikuwa mbali, lakini kilikuwa kikiwakimbiza wanawake wa Mombasa na Zanzibar, na wao walikuwa wepesi kuchoka. Nakshi ya msimu uliopita ilibaki dukani. Na walitaka maneno. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi kubwa za Kirumi, ndani ya kisanduku chake, chini ya mji wa kanga. Duka la Mali ya Abdulla, Mombasa, limeishi kwa maneno hayo kwa miaka mingi. Herufi zenyewe ni za kawaida sana, hazina pambo, kwa sababu pambo lote limeshamalizwa na nakshi, na kwa sababu jirani anatakiwa asome matusi yako kutoka upande wa pili wa ua. Hiyo ni dizaini. Msomaji anajulikana, umbali unajulikana, ujumbe unajulikana.

Neuland msomaji wake ni nani? Fanya jaribio hili, halihitaji pesa. Panda gari hadi Githurai, au Kawangware, au Kongowea, utembee saa nzima ukisoma vibao. Bucha, kinyozi, duka la dawa, fundi wa simu, kanisa la mabati, hoteli ya chapati na maharagwe. Mahali ambapo Mkenya anamwandikia Mkenya mwenzake ili amuuzie kitu. Tafuta Neuland. Mimi nimetafuta sana, na ninachokuta ni herufi za mkono zenye kivuli chekundu, herufi za stika zilizokatwa kwa mashine, na herufi za kampuni ya simu na ya soda zilizomeza ukuta mzima huku jina la mama mwenye duka likiwa limebanwa kwenye kona kama nyongeza. (Hilo la kampuni kupaka maduka ya watu rangi halafu kuita zawadi lina makala yake, na siku moja mtu ataiandika kwa hasira inayostahili.) Neuland haipo. Inaanza kuonekana ukikaribia uwanja wa ndege.

Mwaka 2005 Binyavanga Wainaina alichapisha kwenye jarida la Granta ile insha yake ya kejeli kuhusu jinsi ya kuandika Afrika, na kila mtu mjini anaitaja. Mwaka 2014 tovuti ya Africa is a Country ikaonyesha picha moja yenye majalada 36 ya vitabu vinavyohusu bara hili, na karibu yote yana mti uleule na jua lilelile. Tukacheka, tukasambaza, tukaweka vikaragosi vya kulia kwa kicheko. Halafu Jumatatu tukarudi kazini tukafungua faili yenye mti.

Kama ni sura unatafuta, sura zipo, na hazijajificha. Simama steji ya Rongai jioni utazame nganya za 125 zikiingia. Jina liko juu ya kioo cha mbele, limeandikwa ili lisomwe na mtu aliye mita hamsini, usiku, mvua ikinyesha, gari likiwa halina nia ya kusimama. Nambari ya njia haigombani na jina. Jina la sacco limewekwa dogo, kwa sababu linasomwa na polisi tu. Ubavuni herufi zimevimba, zimepishana, zina kivuli, zina mwanga, na nyuma kuna uso wa msanii au wa nabii. Zipo zinazochukiza, sikatai. Zipo ambazo dizaina aliyesoma miaka minne hawezi kuzipanga. Sheria za Michuki za 2004 zilikuja na mshipi wa manjano ubavuni, na kwa muda barabara ikawa kama sare ya shule. Rangi zikarudi, mshipi ukabaki, na wachoraji wakaujumuisha kwenye mchoro kana kwamba wao ndio waliouomba.

Na tusidanganyane kwamba nganya imeota kwenye udongo wa Dandora. Herufi hizo mtu alizitazama kwanza kwenye video za muziki kutoka New York na Los Angeles. Kukopa hakujawahi kuwa kosa katika kazi hii. Fundi wa nganya amekopa, akabadilisha, akapingana na fundi wa gereji ya jirani, akajibiwa na abiria anayesubiri gari fulani na kuacha mengine matatu yapite. Kuna mazungumzo. Neuland hakuna anayezungumza nayo. Inabandikwa.

Ukitaka ya zamani zaidi, nenda kisiwani. Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi. Utendi wa Tambuka ni wa mwaka 1728. Kule Siyu, kisiwa cha Pate, kulikuwa na wanakili wa Kurani waliopamba kurasa kwa mtindo wao ambao ukiuona mara moja hutausahau. Na Lamu kulikuwa na Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa katikati ya karne ya 19 na kufariki miaka ya 1940: mwandishi wa hati, mshairi, mwanamuziki, mchongaji wa milango. Wasomi kama Alice Werner na William Hichens walimtegemea awanakilie tenzi, na kazi zake nyingi ziko London, kwenye maktaba ya SOAS. Mkono uliochonga nakshi kwenye mbao ndio uliokunja mikia ya herufi kwenye karatasi. Tunaye mtu wa namna hiyo kwenye historia yetu, anajulikana kwa jina, kazi zake zinaonekana, na bado nimekutana na wahitimu wa dizaini wanaoweza kukusimulia maisha ya kila Mswisi aliyewahi kushika rula lakini Kijuma hawajawahi kumsikia.

Kumbuka pia kwamba Kiarabu hakikukitosha Kiswahili. Hakina p, hakina v, hakina ch, na irabu zetu tano ziliandikwa kwa alama tatu. Wanakili walitumia herufi moja kwa sauti mbili, wengine wakaongeza nukta zao. Walikuwa na tatizo lilelile la watoto wa Nzérékoré. Na ndilo tatizo letu leo, ingawa tunalipita kila siku kana kwamba halipo.

Mwaka juzi nilipokea kazi ya kijitabu cha mazishi. Wajukuu walikuwa wamekaa nami mezani, watatu, wamechoka, mmoja bado amevaa aproni ya kazi. Cũcũ wao aliitwa Mũthoni. Walikuwa wamechagua fonti kutoka kwa mfano walioletewa, ile ya mlazo yenye mikia, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Nikaandika jina. M ikaja na mkia wake, ikafuata ũ nyembamba, iliyosimama wima, kutoka fonti nyingine kabisa, kisha thoni kwa mikia. Kompyuta ilikuwa imeona kwamba fonti hiyo haina ũ, ikaazima popote ilipopata. Jina la mama mzee likawa na herufi moja mgeni katikati, kama mtu aliyekuja msibani kwa bahati mbaya. Nikawaambia tubadilishe fonti. Mkubwa wao akatazama saa. Kazi ilitakiwa ifike kwa mchapishaji jioni ile. Akasema, "Wacha tu, toa hiyo alama. Watu watajua ni yeye."

Toa hiyo alama. Sikumlaumu, na bado simlaumu. Nilimwonyesha nyingine tatu zenye ũ, akachagua moja, tukamaliza. Lakini sentensi yake naisikia kila mahali tangu siku hiyo. Tumeizoea kiasi kwamba imekuwa adabu.

Gĩkũyũ ina irabu saba. I na ĩ ni sauti mbili, tofauti kama i na e zilivyo tofauti kwenye Kiswahili. U na ũ vilevile. Kĩkamba kina alama hizohizo. Kile kiwimbi si pambo, na ukikitoa umeandika neno lingine, au hujaandika neno. Sasa tazama jinsi kilivyopotea. Kiwango cha herufi za kompyuta kilichotamba miaka ya mwisho ya karne iliyopita, ISO 8859-1 cha mwaka 1987, kilipangwa kwa ajili ya lugha za Ulaya Magharibi. Kina ñ, kwa ajili ya Mhispania. Kina ã na õ, kwa ajili ya Mreno. Kiwimbi kilekile, juu ya a, juu ya n, juu ya o. Juu ya i na u hakuna, kwa sababu hakuna mtu wa Lisbon aliyekihitaji hapo. Wachora fonti wakafuata orodha hiyo, na wengi wanaifuata mpaka leo.

Na hakuna kisingizio. Yunikodi imekuwa na ĩ na ũ tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Simu yako inazijua. Anayekosea sasa ni anayechora fonti na kuacha herufi mbili za watu milioni kadhaa, na sisi tunaoipakua bila kuangalia. Wapo hata wanaoziweka bila kujali: ĩ yenye kitone na kiwimbi juu yake, kama mtu aliyevaa kofia mbili, au viwimbi vipana vinavyogongana ukiandika ĩĩ. Hilo ni neno kamili, bana. Maana yake ni "ndiyo". Fonti ambayo haiwezi kusema ndiyo kwa Gĩkũyũ inauzwa Nairobi kama fonti ya kimataifa.

Halafu kuna ritifaa. Thiong'o, Nyang'au, Ong'era, Mũrang'a. Kwenye ng' ile ritifaa ni sehemu ya herufi. Ng'ombe na ngombe si kitu kimoja. Kompyuta inaidhani ni alama ya kufungia mnukuu. Ukiandika alama ya reli mbele ya Mũrang'a mtandaoni, inakatikia kwenye g. Ukijaza fomu, inakwambia kwa wekundu kwamba jina lako lina "alama isiyoruhusiwa". Jina lako. Rafiki yangu mmoja ana hati tatu za serikali na kadi mbili za benki, na kwenye zote tano jina lake la ukoo limeandikwa kwa njia tatu.

Weep Not, Child ilitoka mwaka 1964 ikiwa na jina la James Ngugi. Mwandishi huyo baadaye akaacha James, akaandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za choo gerezani Kamĩtĩ, kitabu kikatoka 1980, na akatumia maisha yake yote yaliyobaki kutuambia kwamba lugha ya mtu si kitu cha kuonea haya. Alipofariki Mei 2025 mitandao ilijaa mabango ya rambirambi. Niliyahifadhi mengi. Yapo yenye picha nzuri, yenye rangi zilizochaguliwa kwa uangalifu, yenye umbo la bara la Afrika nyuma ya kichwa chake, na jina ni NGUGI. Mengine yalikuwa na ũ iliyoazimwa, nyembamba kati ya herufi nene. Tulimwaga Afrika nzima kwenye bango la mzee halafu tukashindwa na viwimbi viwili.

Basi nina mapendekezo, na ni ya kazi tu. Kabla ya kulipia fonti, au hata kuipakua bure, andika Mũrang'a, andika Gĩkũyũ, andika ĩĩ, andika ng'ang'ania, kwa herufi kubwa na ndogo, uone. Njia ya mkato niliyoigundua: tafuta fonti zinazosema zinaandika Kivietnamu. Kivietnamu kina ĩ na ũ kwa sababu zake chenyewe, na mchora fonti aliyemjali Mvietnamu amekujali wewe bila kujua kwamba upo. Kuna Noto. Kuna Andika, ya shirika la SIL, iliyotengenezewa watu wanaojifunza kusoma, na jina lake, ndiyo, ni lile neno letu. Zote ni bure. Hazina sura ya porini hata kidogo.

Kama unataka sura, tafuta mchoraji wa vibao mtaani kwako, umlipe bei ambayo ungelipa fonti ya dola, akuandikie alfabeti yote kwa brashi. Mwambie asisahau ĩ na ũ, na aandike ng' kama kitu kimoja. Saki Mafundikwa wa Zimbabwe alifungua shule ya dizaini Harare mwaka 1999, akachapisha kitabu kizima kuhusu mifumo ya uandishi ya bara hili mwaka 2004. Hatuanzi kutoka sifuri. Programu za kugeuza mchoro kuwa fonti zipo, na nyingine hazilipishwi. Jina la mchoraji liende kwenye fonti. Si la kampuni iliyodhamini warsha.

Na wewe mteja, ukija na lile neno lako, nitakuomba kitu kimoja kabla sijafungua kompyuta: jina kamili la nyanyako, upande wa mama. Liandike hapa kwenye karatasi, kwa mkono, na alama zake zote. Kama huna uhakika kiwimbi kinakaa wapi, mpigie simu mamako sasa hivi. Mimi nitangoja.